Alternata yangu haikuwa imekufa, ni bolti moja tu ilifungwa juu ya rangi

Wenye mnasafiri na familia kwa gari ya kulala shikeni hii, kwa sababu karibu niuziwe alternata (ile mashine inachaji betri injini ikizunguka), betri mbili na nitolewe thamostati (ile valvu inaongoza maji ya kupoza injini) kwa safari moja ya Nakuru kwenda Kisumu, na gari haikuhitaji hata kimoja.

Vani yetu ni ya dizeli, zamani ilikuwa matatu. Tuling'oa viti tukaweka vitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12 na betri ya pili ya friji na taa za ndani. Injini pia ilishushwa ikaoverholiwa na bodi ikapigwa rangi upya kabla injini irudishwe. Kumbuka hiyo rangi.

Tulitoka jioni. Kupita Salgaa giza likaingia, nikawasha taa kubwa, na hapo hapo geji ya joto ikapanda karibu ifike kwa nyekundu. Nikasimama, nikafungua boneti, maji hayajapungua, hakuna mvuke, feni inazunguka vizuri. Tukajikokota mpaka Mau Summit, na makanika wa kwanza hata hakuinama, akaniambia, "Madam, toa thamostati, hizi dizeli haziitaki." Huu ushauri unanikera sana kwa sababu unasikia kila mahali. Thamostati ndiyo inafanya injini ipate joto haraka na ikae hapo, ukiitoa kwa baridi kama ya huko juu injini inakaa baridi, inakula mafuta, na shida yako bado iko pale pale. Nilikataa.

Tukalala Kericho kwa petroli stesheni. Usiku friji ikajizima, asubuhi stata, ile mota ya kuwasha injini, inazunguka kama imechoka. Mzee wangu akaita fundi wa umeme, akasikiza stata mara moja akasema alternata imekufa, iko ya exjapan elfu kumi na kitu, na betri zote mbili tubadilishe. Nikamuuliza amejuaje. Akasema atanionyesha, akashika spana ili afungue teminali ya betri injini ikiwa inanguruma, eti gari ikizima basi alternata ni mbaya. Niliweka mkono wangu juu ya betri nikamwambia, boss, hapana. Alternata ikikosa betri ghafla inaweza kurusha volti nyingi sana, ichome dayodi zake yenyewe (vile vipande vya ndani vinapitisha umeme upande mmoja tu) na kila kitu cha elektroniki kwa gari, yaani unaingia na alternata nzima unatoka na iliyokufa kweli, halafu unaambiwa si nilikuambia. Alienda akinung'unika.

Nikakaa na mita yangu, ile ya bei ya chini ya kawaida, tena nikafikiria ile geji. Injini ikiwa bado baridi nikawasha gari, geji chini kabisa. Nikawasha taa kubwa, geji juu. Nikazima, geji chini. Sasa niambie, maji gani yanachemka kwa sekunde moja na kupoa kwa sekunde moja? Hiyo haikuwa joto, hiyo ilikuwa umeme unatafuta njia ya kurudi.

Nikapima kwa alternata yenyewe, kutoka bolti yake ya nyuma mpaka kwa mwili wake: 14.3. Nikapima kwa betri: 12.9. Alternata inatoa chaji vizuri kabisa lakini betri inapata makombo, na kwa 12.9 betri ya asidi haijai hata uendeshe siku nzima. Upande wa positivu waya ulikuwa sawa. Nikaweka mkono mmoja wa mita kwa negativu ya betri na mwingine kwa chuma cha injini, taa zikiwa zimewaka: 1.4! Hapo hutakiwi kuona zaidi ya 0.2 hivi. Zile volti zilizopotea ndizo hizo.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda. Nikachukua jampa, zile nyaya za kuwashia gari kwa betri ya gari lingine, ule mweusi peke yake, upande mmoja kwa negativu ya betri, mwingine kwa bolti safi ya injini mbali na belti. Geji ikashuka kabisa watoto wakaona. Taa zilikuwa na rangi ya chai zikawa nyeupe. Nikazima gari nikapiga stata na jampa ikiwa bado imeshika, ikazunguka kama mpya. Mzee wangu akabaki anasema eh, eh.

Kilichobaki ni kulala chini ya gari nikafuata waya wa athi wa injini, yaani ule wa kurudisha umeme kati ya injini na bodi, na kweli, upande wa bodi umefungwa juu ya rangi mpya, safi, inang'aa, na rangi haipitishi umeme. Umeme wote wa stata na alternata ulikuwa unajipenyeza kwa nyuzi za bolti na kwa keboli ya akseleta, na hiyo keboli ilikuwa imeanza kuwa ngumu, hivyo ndivyo plastiki ya ndani ya keboli huyeyuka. Nikatoa negativu ya betri kwanza, nikafungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga, nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Nikaongeza athi ya pili kutoka injini moja kwa moja mpaka betri, waya mnene kama wa stata, usitumie ule mwembamba wa spika. Yote pamoja na msasa sijui kama ilifika elfu moja.

Tukashuka Ahero na joto lake, taa zimewaka mchana makusudi, geji katikati haitingishiki. Huko Dunga, ufukweni Kisumu, friji ilikaa na samaki usiku mzima. Alternata ni ile ile na thamostati iko ndani.