Nafasi ya pili inakuja na agizo lile lile

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna kitu kimekaa moyoni mwangu muda sasa na leo nimeona niandike tu. Ni kuhusu shuhuda zetu za jumapili. Mtu anasimama mbele anasimulia alivyokuwa mahututi mpaka ndugu wakaanza kujiandaa kwa msiba, au basi lilipinduka yeye akatoka bila mkwaruzo, au alirudi nyuma kiimani miaka mingi alafu Bwana akamrudisha, na kanisa zima vigelegele, mapambio yanapanda, anatoa sadaka ya shukrani, anaombewa, anaenda kukaa. Mi huwa nafurahi mpaka machozi, kwa sababu Mungu wetu ni mwema kweli kweli. Ila kuna swali hatumuulizi huyo ndugu na hata wenyewe hatujiulizi: kabla hayo hayajakupata, Mungu alikuwa amekuambia ufanye nini?

Kamsome nabii Yona kwenye Biblia, tena usome taratibu. Wengi tunamjua tangu sande skuli na stori yetu inaishia kwa samaki, wakati samaki ni katikati tu. Mungu alimwambia "Ondoka, uende Ninawi, mji ule mkubwa", yeye akateremka mpaka Yafa akakuta merikebu ya kwenda Tarshishi akatoa nauli akapanda, upande mwingine kabisa. Na mi siwezi kumlaumu haraka haraka. Ninawi ilikuwa ya Waashuru, na Waashuru walikuwa watu wa kuogopwa, wafalme wao walichonga wenyewe kwenye kuta za majumba yao picha za mateka wanaochunwa ngozi wakiwa hai, michongo ya hivyo iliyotoka Ninawi hiyo hiyo iko mpaka leo kwenye British Museum kule London. Sasa wewe uambiwe uende kwa watu wa namna hiyo, na shida ya Yona haikuwa hata hofu, kwenye sura ya 4 anasema mwenyewe alikimbia kwa sababu alijua Mungu ni wa huruma na atawasamehe. Yaani hakutaka wasamehewe!

Dhoruba ikaja, mabaharia wakapiga kura ikamwangukia Yona, wakamtupa baharini, siku tatu tumboni mwa samaki. Mle ndani anaomba maombi mazuri mno, anasema atamtolea Mungu sadaka kwa sauti ya shukrani, atatimiza nadhiri zake, wokovu hutoka kwa BWANA. Samaki akamtapika pwani. Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu Ninawi haipo pwani. Ipo ndani huko kwenye mto Tigri, ng'ambo ya mji unaoitwa Mosul leo, nchini Iraki, na kutoka ile pwani ya Yafa ni zaidi ya kilomita 800 hata ukinyoosha mstari kwenye ramani. Mungu aliyemtuma samaki angeshindwa kumfikisha karibu karibu? Hakushindwa, ila alimwokoa na mauti akamweka nchi kavu, safari yenyewe ikabaki ya Yona, kwa miguu yake.

Alafu sura ya 3 inaanza, "Neno la BWANA likamjia Yona mara ya pili". Agizo ni lile lile. Mungu hakumwambia kwa vile umeteseka sana basi nakupa mji mwepesi kidogo, na hakumwambia ile sadaka ya shukrani imetosha. Ondoka, uende Ninawi. Tena ukilinganisha, mara ya kwanza Mungu alimweleza na sababu, kwamba uovu wao umepanda mbele zake, ila mara ya pili hata sababu hapewi, anaambiwa tu akahubiri habari atakayoamriwa. Na safari hii imeandikwa Yona akaondoka akaenda, kama BWANA alivyonena. Kile kipande kifupi ndio jibu lote la nafasi ya pili kwa jinsi ninavyoliona mimi.

Sasa turudi kwetu. Mtu amepona, anasema Mungu amenipa maisha mapya nitamtumikia, anajiunga na kwaya, anaingia kamati ya ujenzi, anafunga na kukesha, vyote vizuri. Lakini kuna kiwanja cha mirathi amekikalia ambacho ni cha watoto wa marehemu kaka yake, na roho ilishamsuta kabla hata hajaumwa, akirudi nyumbani kutoka hospitali bado amekikalia. Au ana mtoto mahali ambaye hajawahi kumlipia hata ada. Au hawaongei na dada yake tangu ugomvi wa msiba wa mama, akiona simu yake anaiacha iite mpaka ikate. Mpendwa, hiyo ndio Ninawi yako. Nabii Samweli alishamwambia mfalme Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, na Sauli alikuwa na kondoo na ng'ombe wa sadaka tele ambao aliambiwa awaangamize. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri kule Yeriko, alilielewa hili mapema, hakungoja kuambiwa, alisimama akasema nusu ya mali nawapa maskini na kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne, na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Najua kuna atakayesema hii ni sheria, sisi tuko chini ya neema. Sawa kabisa, Yona hakulipia kutoka tumboni mwa samaki na wewe hukulipia uhai wako. Ila Paulo anamwandikia Tito kwamba neema hiyo hiyo inatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia, na yule mama waliyemleta kwa Yesu wakitaka kumpiga mawe aliambiwa wala mimi sikuhukumu kwanza, alafu enenda zako wala usitende dhambi tena. Yalikuja kwa mpangilio huo na yote mawili yalitoka kinywa kimoja. Tukichukua la kwanza tukaliacha la pili tumechukua nusu ya alichosema Bwana.

Wala usisubiri moyo uwe mweupe ndio uende. Yona alienda na kinyongo chake, akahubiri mahubiri mafupi kabisa, baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa, na mji mzima ukatubu kuanzia mfalme aliyekaa kwenye majivu. Kinyongo Mungu alikuja kukishughulikia baadaye, nje ya mji, kwa mtango aliouotesha umtie Yona kivuli, na buu lililoutafuna ukanyauka, na maswali, lakini tayari watu zaidi ya 120,000 walikuwa wamepona. Nenda kampigie simu dada yako hata kama sauti inatetemeka.

Na ile bandari ya Yafa inatokea tena kwenye Matendo 10. Safari hii aliyeko pale ni Petro, ambaye Yesu anamwita Simoni Bar-yona, yaani mwana wa Yona, mtu aliyemkana Bwana mara tatu alafu akarudishiwa kazi kando ya bahari ya Tiberia, lisha kondoo zangu. Yuko juu ya dari kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, anaonyeshwa maono ya wanyama najisi na kuambiwa achinje ale, anajibu hasha Bwana, sauti inamjia mara ya pili, na wakati anashangaa wageni wanabisha mlangoni wanamtaka aende Kaisaria kwa Kornelio, akida wa Kirumi, jeshi lile lile lililomsulubisha Yesu. Meli zilikuwepo bandarini siku hiyo pia. Kesho yake Petro akaondoka na wale wageni kwa njia ya nchi kavu, na alipokuwa bado anaongea Roho Mtakatifu akawashukia wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, watu wa mataifa, wasiotahiriwa, watu kama mimi na wewe.