Nilivyoanza muhula wa pili Mbeya mvua ikiwa imekolea

Tanga mwezi Machi ni joto tupu. Masika bado hayajaanza, feni inazunguka usiku kucha. Ukitoka huko kurudi chuoni Mbeya kwa muhula wa pili, unaingia kwenye mvua ambayo wenyeji wameishi nayo kwa miezi. Kule msimu ni mmoja tu, unaanza Novemba hadi Aprili au Mei. Ikifika Machi ardhi imeshiba, kuta zina unyevu, na mji wenyewe uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku nyuzi 13 ni jambo la kawaida.

Muhula wa kwanza ulinionyesha kwamba baridi ina dawa yake, nayo ni blanketi. Kinachomla mwanafunzi ni unyevu: viatu visivyokauka, nguo zinazonuka, daftari lililovimba kurasa. Ukiwa na miguu iliyolowa darasani huandiki unachosikia, unahesabu dakika. Basi safari hii nilijipanga kwa lengo moja, kukaa mkavu, na wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilianza tangu kufunga begi. Jinzi zote nilimwachia mdogo wangu, kwa sababu jinzi ikilowa Mbeya mwezi Machi inaweza kumaliza siku kadhaa kwenye kamba bado ni mbichi kiunoni. Nikachukua vitenge, kanga, suruali za kitambaa chepesi, na soksi nyingi kuliko nguo nyingine yoyote. Sweta na jozi ya soksi niliviweka kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la buti, maana basi likishapanda mlima wa Kitonga hewa inabadilika, na ukifika Mafinga na Makambako abiria wa Pwani wote wanajikunyata. Mama alinipa chupa ya mafuta ya nazi kama kawaida. Anayetoka Pwani ajue: yataganda. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yatie kwenye kopo la mdomo mpana uyachote kwa kidole.

Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, na hela niliyokuwa nayo ilibidi ichague. Mwenzangu wa chumbani ni wa Makete, amekulia kwenye baridi kali kuliko hii, akaniambia, "Dada, anza na miguu, koti litafuata." Tukaenda Mwanjelwa kwenye mitumba, nikanunua gambuti. Wapo wasichana wanaoona haya kuvaa gambuti kwenda chuo. Mimi nilivaa, raba nikazibeba mkobani, nikifika mlangoni mwa darasa nabadilisha. Raba zikilowa kwa bahati mbaya, jioni natoa soli ya ndani, nasokota gazeti kuukuu nalijaza hadi kwenye ncha za vidole, kisha nalibadilisha kabla ya kulala, kwa sababu gazeti likishashiba maji halivuti tena.

Nguo nilikuwa nafua kidogo kidogo kila jioni, mbili tatu tu, nazianika barazani chini ya bati ambako upepo unapita. Kuanika chumbani hatukukubali kabisa. Maji yanayotoka kwenye nguo yanaingia ukutani na kwenye godoro, na baada ya muda kuvu jeusi linatokea kwenye kona. Tuliacha pia dirisha wazi kiasi cha upana wa kiganja hata wakati wa kulala. Watu wanadhani kufunga kila kitu ndiyo kujihifadhi, kumbe pumzi za watu wawili peke yake zinatosha kulowesha kioo hadi asubuhi.

Suala la jiko nitalisema kwa kirefu kwa sababu linaua. Chumba chetu ni cha kupanga mtaani, na jioni moja mvua ilipokaza jirani alipendekeza tuingize jiko la mkaa ndani, tufunge mlango, tusome kwenye joto. Mama mwenye nyumba alisikia akatoka. "Wanangu, hapa jiko linapikia nje na linalala nje. Mkisikia baridi njooni barazani kwangu muote moto." Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inashika kwenye damu mahali pa oksijeni, na aliyelala anaweza asizinduke kabisa. Nimshukuru mama yule hadharani. Tangu siku hiyo jioni zetu zilihamia barazani kwake: tunapika, tunajisomea kwa zamu ya kusomeana kwa sauti, mkaa unaobaki unaingia kwenye pasi na kumalizia nguo zilizogoma kukauka. Chumbani tunaingia na chupa ngumu za maji ya moto, yasiwe ya kutokota, zimevishwa soksi. Unaitanguliza kitandani upande wa miguu kabla hujalala.

Asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu kwa mtu wa Tanga. Mbeya iko magharibi zaidi ilhali saa ni ile ile, hivyo jua la Machi linachomoza kama dakika ishirini baada ya Tanga, karibu na saa moja. Kipindi cha saa moja na nusu unakiendea na wingu zito, unahisi bado alfajiri. Nilihamishia kuoga jioni, maji yakiwa moto jikoni, asubuhi nikawa nanawa tu na kunywa uji wa moto wenye tangawizi. Parachichi huko ni rahisi, halikosekani mkobani. Kuamka kukawa jambo la kuvaa na kutoka.

Kompyuta mpakato nayo ilihitaji nyumba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, huwezi kuokota tu rambo dukani ukafungia vitu. Nilitumia mfuko mgumu wenye zipu ulionijia na blanketi jipya. Unameza kompyuta, chaja na daftari mbili, na hata mvua iliyonikuta njiani haikupenya.

Bumu lilipoingia ndipo nikanunua koti, na kwa kweli sikulivaa sana. Litafanya kazi Juni na Julai, mvua ikishakatika na baridi kavu ya upepo ikaingia, usiku ukashuka chini ya nyuzi 10. Kwa msimu huo mwenzangu wa Makete ameshaniagiza nitafute blanketi la pili mapema.