Nilivyowapatanisha maadui wawili ndani ya riwaya yangu

Miaka minne nimeishi na majeshi mawili kichwani, na wiki hii nakala hamsini za kwanza zimetoka kwa mchapaji. Furaha niliyonayo siwezi kuificha, basi acheni nisimulie, hasa ile sura ya tisa iliyokaribia kunishinda.

Ni riwaya ya vita vya kufikirika. Jeshi la Nyanda na jeshi la Korongo, waliochinjana vizazi vitatu, wanalazimika kusimama upande mmoja dhidi ya Jeshi la Majivu. Mbegu yake ninayo tangu utotoni. Kwetu ni Songea, mama ni wa Iringa, kwa hiyo nimekua nikisikia pande zote mbili za vita vya Wangoni na Wahehe, vile vya kati ya 1878 na 1882. Walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyemmeza mwenzake. Kisha Mjerumani akaja. Agosti 1891 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akakisambaratisha kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo, karibu na Iringa. 1894 ngome yake ya Kalenga ikaanguka. Wangoni wakaingia vita vya Maji Maji 1905, na Februari 1906 viongozi wao wakanyongwa Songea. Kila mmoja alipigwa kwa zamu yake. Ingekuwaje kama wangeungana? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mhariri mmoja niliyempelekea rasimu akaniambia, "Mwongezee adui nguvu, hao wawili watapatana wenyewe." Nikamsikiliza, na ninajuta mpaka leo. Nikaandika sura ya tisa, mkutano wa mtoni: Nduna Lukwembe, kiongozi wa vita wa Nyanda, anahutubia, Jemadari Tindwa wa Korongo anahutubia, wanachanjana damu, majeshi yanashangilia. Kurasa kumi na nane! Nikamsomea mama akiwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Huyo Lukwembe si ndiye aliyemuua kaka yake Tindwa?"

"Ndiye, mama."

"Na leo wanakula kiapo? Huyo kaka hakuwa na mama?"

Nikazifuta zote. Mama alisema kweli. Adui mkubwa alikuwapo hata 1891, na hakumpatanisha mtu na mtu.

Dawa niliipata msibani. Tulikuwa tunamzika babu, kijiji kimoja si mbali na Peramiho, na Wahehe, maadui wa zamani ambao leo ni watani wetu, walikuwa wamefika tangu asubuhi. Jeneza limeshafika kaburini, mara mzee mmoja wa upande wa mama akashuka shimoni, akajilaza chali, kofia usoni. "Huyu Mngoni aliniibia ng'ombe. Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe." Baba, macho mekundu kwa kulia, akacheka. Akatoa elfu mbili. Mzee akaiinua noti juani, akaigeuza, akasema hiyo hainunui hata mkia. Bei ikapanda mpaka elfu kumi na jogoo. Ndipo akatoka, akajipangusa udongo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika chepe.

Nilisimama pale nikitetemeka. Wazee wetu walikwishaiandika sura ya tisa, mimi nilikuwa sijaisoma.

Nikarudi nyumbani na sheria mpya ya ulimwengu wangu: atakayelala bila kuzikwa hadi jua lizame, huamka upande wa Majivu. Tena udongo uliotupwa na ndugu humtema. Ni mkono wa adui tu unaoweza kumlaza akalala. Basi! Lukwembe hana haja ya kumpenda Tindwa. Anamhitaji hai, karibu, na chepe mkononi. Kuanzia hapo riwaya ilijiandika: kila kikosi cha Nyanda kikalazimika kutembea na Wakorongo wanne, wakala chungu kimoja, wakaanza kutukanana kwa upole.

Halafu, ukiandika vita hesabu unga kabla ya mikuki. Watu elfu tatu kwa nusu kilo kila siku ni tani moja na nusu, na lazima abebe mtu. Mjerumani aliimaliza Maji Maji kwa kuchoma maghala na mashamba, njaa ikaua kuliko risasi, ndiyo maana Jeshi langu la Majivu linaanza na maghala.

Juzi nilimsomea mama sura ya mwisho. Lukwembe ameuawa, jua limebaki upana wa kidole. Tindwa anashuka kaburini, anajilaza, anadai fidia ya kaka yake. Watu wa Nyanda wanamletea mkuki uleule uliomuua kaka huyo. Anauinua juani, anaugeuza, anasema hautoshi hata kulipia ukucha. Wanamwongezea ngao ya nduna. Anakataa.

Mama akasukuma ungo pembeni. "Akatoka?"

Alitoka, mama. Akashika chepe.