Nilivyowatenga Jongoo na Miche Yangu ya Kunde

Msimu uliopita, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha Dodoma mwezi Desemba, bustani yangu ya Mpunguzi ilijaa jongoo. Nilikuwa nimepanda kunde na karanga, kisha nikatandaza mabua ya uwele juu ya matuta ili udongo usikauke, kwa kuwa huku kwetu mvua ikishanyesha jua huweza kuwaka siku nyingi kabla ya nyingine kuja. Siku ya sita nilikuta mbegu zilizochipua zimetobolewa na miche kadhaa imeliwa shina usawa wa udongo.

Niliwashuku sota, wale viwavi wanaokata miche, lakini nilipotoka na tochi usiku niliwakuta jongoo wenyewe wakila. Chakula chao hasa ni majani na mabua yanayooza, na shina lililokomaa huwashinda; ila kichipukizi laini hawakiachi. Kwa kuwa miili yao hupoteza maji upesi, mchana hujificha penye unyevu, na mahali hapo nilikuwa nimewatengenezea mimi.

Kuacha matandazo kabisa nisingeweza, maana maji nanunua kwa dumu. Niliyaondoa mabua yote, nikayalundika hatua kama kumi kutoka kwenye matuta na kuyalowesha kidogo, na jongoo wengi wakahamia huko. Nilipanda upya, nikaacha udongo wazi hadi mashina yalipokomaa, ndipo nikayarudisha mabua, nikiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka kila mche. Umwagiliaji niliuhamisha kutoka jioni hadi alfajiri, ili usiku uso wa udongo uwe mkavu. Waliobaki niliwatega kwa maganda ya papai chini ya kipande cha ubao, nikawaokota asubuhi kwa vijiti, kwani majimaji wanayotoa huchafua ngozi na kuwasha. Hata kuku wangu waliwakwepa. Majivu nayo niliyajaribu, nami siyategemei tena, kwa sababu yakilowa tu hayazuii kitu.

Kunde zilipona. Karanga zinahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa jongoo huzifuata ardhini na kutoboa maganda yakiwa bado machanga. Kwa hiyo sasa ninapalilia kwa kuziba nyufa zote za tuta, na zikikomaa ninazing'oa bila kuchelewa.