Amplifaya ya milioni 3 na nusu niliirejesha

Mie taarab asilia naipenda tangu mdogo, na miaka yote nikiamini spika zangu hazinipi haki yangu kwa sababu amplifaya, ile mashine ya kuzipa spika nguvu, ni ya bei rahisi, wati 40, mtumba wa Darajani hapa Zanzibar, laki na nusu. Basi mtoto wa ami yangu ana rafiki yake anauza ile ya kifahari, milioni 3 na nusu, akaniazima wiki moja nijaribu kabla sijatoa pesa.

Siku ya kwanza, sauti imejaa, n'kasema hii nainunua. Fundi redio mmoja hapa Chukwani akanambia mdogo wangu usifanye haraka, hiyo umeifungua sauti zaidi kuliko yako, na sikio likisikia sauti iliyozidi hata kidogo linaona ndo nzuri. Akaja na mita yake, tukapiga mlio mmoja, akapima volti kwenye waya za spika mpaka mashine zote mbili zikawa sawasawa, halafu akazifunika kwa kanga, mie nimegeukia ukutani yeye anahamisha waya na mie nataja ipi inapiga. Mara 16. Nilipata 9, yaani sawa na kubahatisha.

Nilisikitika kwa kweli, maana nilitaka sana iwe tofauti.

Ila wakati anahamisha waya akanionesha ncha zake, zimeota kutu ya kijani, sisi tuko karibu na bahari na chumvi haiachi kitu. Tukakata, tukachuna upya. Halafu chumba chenyewe, sakafu ya saruji, kuta tupu, spika nimezibana pembeni, besi inavuma inaifunika kanuni yote, ile ala ya nyuzi ya taarab. Nikazivuta mbele kama nusu mita, nikatandika zulia, nikatundika pazia zito, wallahi siku ile n'lisikia kanuni inavyodonolewa uzi mmoja mmoja, na fidla imekaa pembeni yake, kwa mashine ileile ya laki na nusu.

Sisemi za bei hazina kazi, mwenye spika ngumu kuendesha, za om 4 zinazovuta umeme mwingi, na ukumbi mkubwa anahitaji nguvu ile. Lakini ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, yaani sauti inapanda kidogo tu, na chumbani kwangu hata wati 5 nadra kuzifikia.

Alhamisi nikairejesha. Nilichonunua ni stebilaiza, maana umeme wetu jioni unashuka.