Usiku wa tano

Juzi usiku kijana wangu wa pili, mnamjua, yule wa maswali, alinikuta nimekaa gizani sebuleni. Akasimama mlangoni akinitazama, kisha akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasali.

"Mbona midomo haiendi?"

Nikamjibu kwamba si kila sala ina maneno. Akacheka. "Mama, hiyo siyo sala, huo ni usingizi." Akapita zake kwenda kunywa maji.

Laiti angejua kwamba kusali kwa namna ile alinifundisha yeye mwenyewe, kabla hajaweza hata kutamka jina lake sawasawa.

Ulikuwa mwaka ule wa cheo. Kisa chenyewe nitakipita mbio: niliahidiwa nafasi kazini, ahadi ikapoa, nikaanza kuona watu wakibadilisha mazungumzo kila ninapoingia. Mimi ni mtu wa hesabu, na hata kwa Mungu nilikwenda kihesabu. Nilikuwa na daftari la maombi lenye safu tatu: nilichoomba, tarehe niliyoanza kuomba, tarehe niliyojibiwa. Safu ya tatu niliijaza kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa cheo ulikuwa umejaa mistari, na wekundu hakuna hata wa kusingizia. Nilifunga, nikakesha, nikamsomea Mungu ahadi zake mwenyewe, sauti imepanda, kama mtu aliyefuata deni lake mlangoni. Nikijilaza, kichwa ndipo kinafungua ofisi.

Katikati ya hayo nikaamua kumwachisha mtoto ziwa. Kwa nini wakati ule, sijui. Pengine nilitaka angalau jambo moja ambalo amri yake ninayo mimi. Alikuwa na miaka miwili na ushee.

Usiku wa kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Baba yake alimbeba, akamkataa. Nilikuwa nimevaa blauzi ya vifungo hadi shingoni, naye akavikwaruza vile vifungo kwa kucha, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kabisa kwamba wenyewe wamo. Na maziwa nayo hayana habari kwamba umeshapitisha uamuzi. Yalijaa, yakauma, yakalowesha blauzi. Akasikia harufu, kilio kikaanza upya. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akanipiga kofi. Wa nne sina hamu ya kuusimulia.

Usiku wa tano, kwenye saa nane hivi, nikasikia nyayo zake sakafuni. Nikajikaza. Akapanda kitandani, akapanda na mimi mwenyewe, nikasubiri mkono uende kwenye vifungo.

Haukwenda.

Alijigeuza mara mbili, akalaza shavu kifuani, juu ya kifungo cha pili, palepale alipokuwa akipapigania siku nne. Akashusha pumzi, ile pumzi ya mtoto aliyelia sana, inayoshuka kwa vipande kama mtu anayeteremka ngazi. Mkono wake ukalegea begani kwangu. Nilidhani amelala. Nilipomchungulia, macho yalikuwa wazi. Anatazama giza tu. Hatafuti kitu.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nikikiogopa siku zote zile bila kukitaja: kwamba maziwa yakiisha hatakuwa na haja na mimi. Kumbe alikuwa amekuja kwa ajili yangu. Nililia, lakini polepole, kifua kisimtikise.

Zaburi ya 131 nilikuwa nikiipenda tangu zamani kwa sababu isiyo ya kiroho hata kidogo: ina mistari 3 tu. Pale kwenye mtoto kifuani mwa mama yake, siku zote nilikuwa nikimwona mchanga anayenyonya, ameshiba, anasinzia. Sivyo. Neno lililoandikwa ni "mtoto aliyeachishwa". Anayenyonya hatulii kifuani, atanusa maziwa na atayataka. Huyu wa zaburi ameshanyimwa, ameshalia, na bado amerudi palepale. Wala hakuwa kichanga. Watu wa kale walichelewa kuachisha. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo yuko mama anayemkumbusha mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka 3. Huyo ni mtoto mwenye meno, mwenye miguu ya kukimbilia kwingine, mwenye hoja.

Na mstari wa kwanza, ule wa moyo usio na kiburi, unaosema kwamba mtu hajishughulishi na mambo makuu yanayomshinda, huo nilikuwa nikiuruka. Niliuona ni salamu tu kabla ya habari yenyewe. Mimi, mwenye safu tatu na kalamu nyekundu.

Basi nikajaribu. Nilikaa vilevile, mtoto juu yangu, sikuomba. Cheo kilikuja kichwani, nikakiacha kipite. Hata "mapenzi yako yatimizwe" sikusema, maana nalo nilikuwa nimeshaligeuza ujanja, njia ya adabu ya kuomba kilekile. Nilikaa tu mbele za Mungu, mikono mitupu. Ni muda gani, siwezi kusema. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi na sikutaka kuusogeza. Halafu nikalala, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Nafasi alipewa mwingine. Nilizipata habari wiki chache baadaye, nikajifungia chooni nikalia kama wote tunavyolia. Ile ofisi ya kichwani nayo haikufungwa moja kwa moja, hadi leo kuna usiku inafunguliwa na taa zote zinawaka. Baba yake anasema hapakuwa na muujiza wowote, nilikuwa nimechoka tu baada ya siku tano bila usingizi. Sina cha kumpinga nacho. Nilichofanya ni kulitafuta daftari ili niuandike usiku ule, nikakaa na kalamu mkononi, nikakosa safu ya kuuweka.

Juzi yule kijana aliporudi na glasi yake ya maji hakwenda chumbani. Alikaa mwisho wa kochi, akanyosha ile miguu yake mirefu mpaka ikanifikia mapajani, kimya. Nikangoja aombe kitu, maana saa hizo hakosi la kuomba. Hakuomba. Baada ya kitambo nikasikia anakoroma.