Chumba cha mama nimekipanga ndani ya baridi hii hii

Leo nimeamka saa kumi na moja na nusu, nje ukungu mtupu, mlima Meru hauonekani kabisa, nikavaa sweta mbili nikachukua daftari na tepu nikaanza kuzunguka nyumba kabla watoto hawajaamka. Mume wangu ananiuliza unapima nini giza lote hili, nikamwambia napima baridi. Na kweli ndicho nilichokuwa nafanya. Mwaka huu tunaongeza chumba, mama anahama kutoka Marangu kuja kukaa na sisi hapa Ilboru, Arusha, miguu yake sasa hivi inamsumbua sana na tangu baba aondoke anakaa peke yake kule juu, kwa hiyo hiki chumba sitaki kukosea.

Maana cha kwanza nilikosea. Kile cha nyuma tulichojengea watoto tulikianza mwezi wa kwanza, jua kali, kila kona ya kiwanja inaonekana nzuri, fundi akasema tukiweke nyuma pale ni karibu na shimo la choo bomba halitakuwa refu, tukakubali siku hiyo hiyo bila hata kuchora. Ilivyofika mwezi wa sita ndo tukajua tumejenga friji. Ukuta unatoa maji asubuhi, kona ya juu imeota ukungu mweusi, godoro ukiligeuza chini lina unyevu na mtoto wa pili anakohoa mpaka mwezi wa nane. Tumepaka rangi mara mbili, ukungu unarudi.

Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba tatizo halikuwa rangi, lilikuwa jua. Sisi tupo digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, sasa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane jua linakuwa limehamia kaskazini, saa sita mchana ukisimama nje kivuli chako kinaanguka upande wa kusini. Kile chumba cha nyuma kipo upande wa kusini, na ukuta wa kusini baridi yote hii haupati jua hata kidogo, na Januari jua linakuwa limerudi kusini linaupiga ule ukuta vizuri ndo maana tulidanganyika. Kwa watu wa Arusha ni rahisi kukumbuka, upande unaotazama Meru ndio unapata jua la mwezi wa saba, na watu wa Moshi ni hivyo hivyo kwa upande wa Kilimanjaro. Na msijidanganye na dirisha la mashariki peke yake, kwetu asubuhi za baridi ni mawingu tu, jua lenyewe linajitokeza saa tano saa sita huko, likitoka tayari lipo juu limeelekea kaskazini.

Ndo maana nasema kama unataka kuongeza chumba au kurekebisha nyumba, kaa chini upange sasa hivi wakati meno yanagongana, usisubiri joto.

Kaka yangu yupo Canada, Edmonton, huko baridi si ya sweta, kwao usiku wa Januari kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu na ardhi yenyewe inaganda kwenda chini zaidi ya mita moja, kuchimba msingi ni kazi ngumu kwelikweli. Zege nalo lina maji, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, yanalipasua kabla halijashika. Kwa hiyo kaka anasema watu kule winta wanaitumia kuchora, kuomba bei kwa makontrakta na kufanya kazi za ndani, barafu ikiyeyuka wanaanza kuchimba nje. Akanifundisha na kitu kimoja nimekifanya jana usiku: unawasha udi, unapitisha taratibu pembeni ya dirisha, chini ya mlango, pale ukuta unapokutana na dari, moshi ukiyumba hapo pana upepo unaingia. Jamani nimezunguka nyumba nzima na udi wangu, dirisha za vioo vya kupanga zote zinavuja, na sebuleni kuna mwanya juu ya ukuta kidole kinapita! Miaka 9 tunaishi humu.

Ila hapa nataka niseme kitu kwa uzito. Ukishaziba mianya usije ukathubutu kuingiza jiko la mkaa chumbani. Najua huku kwetu wengi tunafanya, jiko linawashwa nje, likishakolea tunaliingiza ndani, tunaona moshi umeisha basi ni salama. Si salama. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haionekani, watu wanalala hawaamki. Mama yangu huko Marangu ana tabia hiyo ya jiko, ndo sababu moja kubwa ya mimi kuhangaika na jua na dari, nataka chumba kiwe na joto chenyewe asilihitaji. Na tundu la hewa moja juu ya ukuta nimeliacha kwenye ramani makusudi, hata hewa tunayopumua usiku ina unyevu lazima itoke, la sivyo itagusa ukuta wa baridi igeuke maji halafu ukungu uanze upya.

Basi chumba nimekihamisha. Badala ya nyuma kinakuja kona ya kaskazini, migomba mitatu inang'oka, parachichi linabaki. Mita 4 kwa 3 na nusu, choo chake ndani. Tatizo likawa bomba sasa, kutoka huko mpaka shimoni ni mita 12, nikamuuliza fundi akasema dada litaziba. Haliwezi kuziba likipewa mwinamo wake, bomba la inchi 4 nimejifunza linatakiwa lishuke kama sentimita 2 na nusu kila mita 1, kwa hiyo mita 12 ni sentimita 30. Nikafunua mfuniko nikapima bomba linapoingilia shimoni, nafasi ipo. Fundi mwenyewe alivyoona namba akakubali, na ni fundi mzuri tu, hakuna aliyewahi kumuuliza kwa namba.

Hesabu zingine nimefanya usiku. Kuta ni tatu, wa nne upo tayari, ukitoa dirisha na mlango inabaki kama mita za mraba 32, tofali za kusimamisha ni kama 10 kwa mita moja ya mraba, basi 320 na mimi nitanunua 350 maana njia ya kwetu ina mashimo zitavunjika. Choo nimekipigia hesabu yake mbali. Jamvi, yaani zege la sakafu, la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.4, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4 inakula kama mifuko 9. Ukiwa na hizi namba mkononi unaongea na fundi na duka vizuri, ukienda mikono mitupu utaambiwa mifuko 15 na utalipa.

Kitu kingine ni pale nyumba mpya inapoungana na ya zamani. Kile chumba cha nyuma kina ufa wima kutoka chini mpaka juu kwa sababu walibandika ukuta mpya kwenye wa zamani kwa plasta tu, msingi mpya ukatulia kidogo basi ikaachana. Safari hii nimeandika kabisa kwenye makubaliano, zile tofali ziingiliane na nondo zipite kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Na paa, pale bati jipya linapokutana na la zamani ndipo maji yanapopenya, masika iliyopita nilipanda ngazi mvua inanyesha nikapiga picha maji yanakwenda wapi.

Dari lazima, si la baadaye. Bati tupu usiku linapoa haraka sana na asubuhi linadondosha matone kitandani, mama hawezi kulala chini ya hiyo. Mlango sentimita 90 bila kizingiti, leo anatembea na fimbo lakini kesho ikija kiti cha magurudumu kipite. Vyuma vya kushika pembeni ya choo, tailizi za kukwaruza miguu siyo za kung'aa, swichi ya taa aifikie akiwa amelala. Haya mambo ukiyawaza leo ni mstari kwenye karatasi, ukiyawaza baada ya plasta ni kubomoa.

Ratiba yangu ni hii, mwezi huu wa saba ramani na kibali cha halmashauri, mwezi wa nane tuchimbe msingi, wa tisa kuta, na kabla ya mwezi wa 11 vuli haijaanza tuwe tumepaua. Jamvi nitalimwagilia mwenyewe siku 7 asubuhi na jioni. Rangi sina haraka nayo, plasta kwenye ubaridi wa huku inakauka taratibu, nitaipa wiki 4 hata kama ndugu wanauliza mbona hamhamii.

Kilichobaki ni dirisha. Fundi alitaka dogo, anasema dogo ndo linatunza joto, na kwa ukuta wa kusini yupo sahihi kabisa, kule hata mimi ningeweka dogo. Lakini huu ni wa kaskazini, nimechora mita 1 na nusu kwa 1.2. Jioni nikampigia mama nikamweleza yote, jua, mlango, choo, akanisikiliza kimya mpaka mwisho, halafu akauliza kama akiwa kitandani ataona mlima. Nikaenda kusimama pale kwenye migomba, ukungu ulikuwa umeshaondoka. Utauona mama, siyo wa kwenu, lakini utauona wote mpaka kileleni. Nimerudi ndani nikashusha dirisha kwenye ramani sentimita 20.